Mashauri ya Bunduki

Nilifundisha fasihi simulizi katika chuo cha ualimu kwa miaka mingi, na kila mwaka niliandika ubaoni orodha ileile: hadithi, methali, vitendawili, nyimbo, maghani, mawaidha. Mashauri ya bunduki sikuyaandika hata mara moja. Hakuna kitabu cha kiada kilichoyataja, nami sikuwa na ujasiri wa kuongeza kipera ambacho mkaguzi angeniuliza nimekitoa wapi. Lakini tangu nistaafu na kurudi hapa Isaka nimeyasikia maongezi hayo mara nyingi kuliko hadithi za sungura na fisi, na sasa naamini kwamba yanastahili kuhakikiwa kama utungo mwingine wowote. Utungo ambao watu wazima huusikiliza mpaka chai ikapoa kikombeni, na ambao kosa lake moja laweza kumwondolea mtu vidole, si wa kuachwa hivihivi.

Msomaji asiyeishi huku pengine hajui ni maongezi gani ninayoyasema. Mtu mmoja, mara nyingi mwenye duka au mwenye ng'ombe, anasema anafikiria kununua bunduki. Basi. Kuanzia hapo kila aliyekaa kwenye benchi ana la kusema. Huyu anasifu shotigani, yule anasema shotigani ni ya kufukuzia kwelea, wa tatu alikuwa mgambo na anaikumbuka SAR yake kama mtu anavyomkumbuka mchumba. Mimi mwenyewe niliibeba SAR jeshini, Jeshi la Kujenga Taifa, nikaifungua na kuifunga nimefumba macho, na nakiri kwamba nikisikia maongezi hayo mikono hunisisimka. Kwa hiyo nisidhaniwe kuwa nahakiki nikiwa nje ya ukumbi.

Nianze na uzuri wake, kwa sababu upo. Kuna namhala mmoja, mwindaji wa zamani, ambaye nilimwona akimfundisha mjukuu wake kutunza gobore. Alitandika gunia. Kabla ya kugusa chochote aliugeuza mtutu uelekee kichuguu, mbali na watu na mbali na njia, kisha akakaa kimya mpaka kijana akauliza kwa nini. Hapo ndipo somo lilipoanza. Akataja kila kiungo kwa jina lake: mtutu, kitako, mdeki, fataki, akamtaka kijana arudie. Akamwambia, “Mtu akikwambia haina kitu ndani, usimwamini. Hata ukijiambia mwenyewe, usijiamini.” Nimekaa nyuma ya madarasa mengi nikiwapa alama walimu wanafunzi, na masomo ya vitendo yenye mpangilio kama ule nayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Hakutumia neno tahadhari hata mara moja. Somo zima lilikuwa tahadhari.

Lugha yake nayo ni safi. Ni lugha ya makatazo mafupi, usifanye hiki, usiweke pale, na kila katazo lina kisa chake nyuma ambacho mzee hakisimulii asipoulizwa.

Uhodari huo unaishia kwenye utunzaji. Maongezi yakihamia kwenye kununua, utungo unalegea vibaya, na mahali unapolegea zaidi ni kwenye wahusika. Mwizi wa maongezi haya ana adabu ya ajabu. Huja usiku ambao mwenye nyumba yu macho. Huja peke yake. Husimama mlangoni na kungoja bunduki itolewe, ijazwe, ielekezwe. Mwenye nyumba naye hajalewa, hana usingizi, haoni vibaya gizani, wala hamfananishi shemeji yake aliyechelewa gari la Kahama na jambazi. Na katika benchi zote nilizokaa sijapata kusikia kisa cha bunduki kilicho na mtoto wa miaka saba ndani ya nyumba. Mwanafunzi wangu angeniletea hadithi yenye wahusika wa namna hiyo ningemrudishia daftari.

Kwenye uundaji mambo ni mabaya zaidi. Mafundi wa magobore wapo katika vijiji vingi vya ukanda huu, na wengine ni mafundi kwelikweli wa jembe na shoka. Sheria iko wazi: kuunda silaha bila leseni kulikuwa kosa chini ya Sheria ya Silaha na Risasi ya mwaka 1991, na kumebaki kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 iliyochukua nafasi yake. Benchi hulijua hilo na hulipita kwa kicheko. Kisa nilichokiona kwa macho yangu ni cha kijana mmoja aliyekuwa akilinda shamba la mtama. Gobore lake lilipasukia nyuma. Alipoteza kidole gumba na vidole viwili vya mkono wa kushoto, na leo anafunga mzigo kwenye baiskeli kwa kutumia meno. Siku ile jioni benchi lilikutana kama jopo la wataalamu. Baruti ilizidi, walisema. Alishindilia vibaya. Alikuwa na haraka. Nilingoja mtu aseme kwamba bomba la maji halikutengenezwa kuwa mtutu wa bunduki, nikangoja mpaka wakaondoka. Katika utungo huu fundi hakosei. Anayekosea ni yule aliyeumia. Ukiona kazi ya fasihi ambayo kila maafa yaliyomo yanaithibitisha hekima ya msimulizi, ujue imeacha kutazama dunia.

Wazee wakibanwa hukimbilia historia. Gobore, wanasema, ni bunduki yetu ya asili, silaha ya Mirambo. Hapa napenda kukaa kidogo, maana Urambo si mbali nasi na jina hilo hutajwa kwa urahisi mno.

Ni kweli kwamba Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alizipenda bunduki na kuzitafuta kwa bidii, na kwamba rugaruga wake walizibeba. Lakini zilikuja na misafara kutoka pwani, zikilipwa kwa pembe za ndovu, na nyingi zilikuwa bunduki kuukuu ambazo majeshi ya Ulaya yalikuwa yamezichoka. Halafu mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels yakatia sahihi mkataba wa kupinga biashara ya watumwa. Ndani yake waliweka vifungu vya kuzuia silaha za kisasa zisiingie katika eneo kubwa la Afrika, huku bunduki za kujazwa kwa mdomo na baruti ya kawaida zikiachiwa mwanya chini ya masharti. Wino ulipokauka, wao wenyewe waliingia na bunduki za risasi na mizinga ya bombomu. Kwa hiyo hilo tunaloliita asili yetu, kwa sehemu kubwa, ni kile tulichoruhusiwa kubaki nacho.

Na Mirambo mwenyewe ni shahidi mbaya kwa upande wa wazee. Mwaka 1871 Waarabu wa Tabora walimwendea na bunduki nyingi. Stanley, aliyekuwa njiani kumtafuta Livingstone, alijiunga nao na baadaye akaandika habari zake. Kikosi chao kimoja kiliteka kijiji cha Wilyankuru. Wakati wakirudi wamejitwisha pembe na nyara, watu wa Mirambo walikuwa wamelala majanini pande zote mbili za njia. Kilichowamaliza wenye bunduki siku ile kilikuwa majani marefu na ulafi wao. Nimelisimulia hili kwenye benchi mara mbili. Walilisikiliza kwa heshima, kisha wakaendelea kuuliza Mirambo alikuwa na bunduki ngapi.

Nimeifundisha tamthiliya ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, pengine mara ishirini. Wanafunzi wangu waliandika katika mitihani kwamba dhamira yake ni umoja, nami niliwapa alama zao. Leo naisoma kama tamthiliya ya shauri lililomponyoka mshauri. Watu wanamwendea Kinjeketile wakiwa na hofu, na hofu yao ni ya haki: wanapigwa, wanalimishwa kwa nguvu, na anayewapiga ana bunduki. Yeye anawapa maji, na katika maji hayo anawapa ujamaa wa makabila ambayo jana yalikuwa yakidharauliana. Wao wanachokipokea ni ngao ya kuzuia risasi. Akianza kuona shaka, neno limekwisha kuwa la kwao, na mwisho, hata adui anapomtaka aseme kwamba maji yalikuwa uongo, anakataa kulikana. Kinjeketile Ngwale wa historia alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Tarehe 30 ya mwezi huohuo wapiganaji waliiendea boma ya Mahenge wakakutana na bombomu.

Sisemi kwamba mwenye duka anayenunua shotigani ni sawa na mpiganaji wa Majimaji. Bunduki inaua kweli, maji hayakuzuia kitu, na ulinganisho wangu unachechemea hapo. Lakini ombi lao linafanana. Mtu anakuja benchini na hofu, naye anajibiwa habari za mtutu. Anauliza atalalaje usiku, anaambiwa aina ya marisau. Naye huondoka ameridhika, kwa kuwa jibu lililojaa majina ya vyuma husikika kama jibu kamili.

Nao waliowahi kujibu kwa namna nyingine walikuwa hapahapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, ujambazi na wizi wa ng'ombe kwa kutumia silaha ulikuwa umetuchosha, na ndipo sungusungu walipoanza katika Kahama na wilaya jirani. Walikuwa na pinde, mishale, filimbi na mwano. Mwano ukipigwa, kila mwanamume alitoka. Asiyetoka alitozwa faini. Waliokuwa na bunduki walianza kukamatwa na watu wenye mishale, kwa sababu nyayo za ng'ombe wa wizi zilifuatwa kutoka kijiji hadi kijiji bila kukatika. Ningependa kuishia hapo, lakini siwezi. Sungusungu haohao waliwapiga watuhumiwa mpaka wengine wakafa, na waliwageukia akina mama wazee kwa tuhuma za uchawi. Upinde haukuwa na utakatifu wowote. Kitu pekee ambacho benchi la leo halina, na wao walikuwa nacho, ni kwamba walianza kwa kuulizana nani atatoka, ndipo wakauliza atatoka na nini.

Miaka michache iliyopita jirani yangu mwenye duka alivamiwa. Walichukua mauzo ya siku, wakampiga kwa ubapa wa panga, mkewe akafungiwa stoo. Alikuja kwangu baada ya kupita benchini, akataka nimwandikie barua ya kumtambulisha kwa serikali ya kijiji, maana maombi ya bunduki huanzia huko kabla ya kupanda ngazi za juu. Nikampa mhadhara. Nilimweleza karibu yote niliyoyaandika hapa, pamoja na Brussels. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Mwalimu, shikamoo nyingi ninakupa, lakini wewe huna duka.”

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sinalo. Uhakiki haulindi mlango. Niliandika barua kwamba ni mtu mwadilifu, kwa sababu ni kweli; nikaongeza kwamba ana watoto wanne wadogo na hana sanduku la kufungia, kwa sababu hilo nalo lilikuwa kweli. Alipoisoma alikasirika. Tulikaa bila kusalimiana tangu kilimo mpaka Pasaka. Halafu nikasikia amechomelesha sanduku la chuma Kahama, lenye kufuli mbili, na alilileta nyumbani kabla ya kibali kutoka. Kibali bado hakijatoka. Sanduku limewekwa chini ya kaunta, na mkewe hutunza humo daftari la madeni.

Yule namhala wa kichuguu hatimaye alilisalimisha gobore lake, katika mojawapo ya misamaha ambayo serikali imekuwa ikiitoa miaka ya karibuni kwa wanaoleta silaha kwa hiari. Aliniomba nimsindikize, kwa kuwa macho yake hayasomi tena maandishi madogo. Usiku uliotangulia alilisafisha lote, akalipaka mafuta, akakipangusa kitako mpaka mti ukang'aa. Kituoni askari kijana alilipokea kwa adabu, akamwita babu, akafungua daftari. Mzee aliniuliza kimeandikwa nini. Nilimsomea: gobore moja, bovu.

“Mwambie afute,” alisema. “Si bovu.”

Askari alinitazama. Nilimweleza kwamba mzee ana haki. Alifikiri kidogo, akapiga mstari juu ya neno la mwisho, akaandika juu yake: zima. Mzee akaweka dole gumba lake hapo chini, tukaanza safari ya kurudi.