Majuma Matano ya Mwaka 1974: Uhakiki wa Filamu ya When We Were Kings

Filamu ya When We Were Kings, iliyoongozwa na Leon Gast na kutolewa mwaka 1996, imekwisha kuandikiwa mengi, hasa baada ya kupata tuzo ya Oscar ya filamu za hali halisi mwaka 1997. Wengi walioihakiki wameitazama kama filamu ya ndondi, na kwa upande huo hapana ubishi mkubwa. Raundi nane za Muhammad Ali na George Foreman zimepangwa kwa ustadi hata mtazamaji anayejua mwisho wake hushika roho. Uhakiki huu una nia nyingine. Unakusudia kuipima filamu kwa kipimo kimoja, yaani juma, na kuuliza imeyafanyia nini majuma matano yaliyotenganisha mambo mawili yaliyokuwa yamepangwa kuwa jambo moja.

Tarehe zenyewe zafaa zikumbukwe kwanza. Pambano lilipangwa kufanyika Kinshasa siku ya Jumatano, tarehe 25 Septemba 1974. Siku tatu kabla yake, yaani tarehe 22 hadi 24, kulipangwa tamasha la muziki lililoitwa Zaire 74, ambalo waandalizi wake wakuu kwa upande wa muziki walikuwa Hugh Masekela na Stewart Levine. Ngoma ingemkabidhi mgeni kwa ngumi, bila hata usiku mmoja wa kupumzika. Tarehe 16 Septemba Foreman akapasuka juu ya jicho mazoezini, na pambano likasogezwa hadi Jumatano ya tarehe 30 Oktoba: majuma matano kamili, bila siku kupungua wala kuzidi. Wanamuziki hawakuweza kungoja. Tamasha likafanyika kwa tarehe zake, mbali na pambano lililokuwa sababu ya kualikwa kwao.

Hapa msomaji wa ukanda wa shaba atavutiwa na neno. Huku Kolwezi na Likasi, posho haikuwa kwanza fedha ya safari ya mtumishi, kama wanavyoielewa wenzetu wa Dar es Salaam leo. Ilikuwa chakula alichopimiwa mfanyakazi wa mgodi na jamaa yake, kwa desturi kila juma, na kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi ndiyo asili ya neno poso ambalo kwa Kilingala ni juma lenyewe. Kipimo cha muda kilizaliwa katika mizani ya unga. Kwa mtu wa lugha hiyo, majuma matano ni migao mitano ya chakula. Hayawezi kuwa nafasi tupu kati ya tamasha na kengele.

Filamu inayafanya kuwa nafasi tupu. Kwa haki, haifichi kuahirishwa kwa pambano; jeraha la Foreman limeonyeshwa na limezungumzwa. Lakini mpangilio wa picha unakwenda kinyume na maelezo. B. B. King anapiga gitaa, James Brown anatoa jasho, kisha Ali yuko mazoezini, kisha muziki tena, mpaka mtazamaji asiyejua tarehe anaamini kuwa watu wale walikuwa mjini pamoja hadi usiku wa mwisho. Mhariri ameziba ufa kwa nyimbo. Ni kazi safi ya fundi, na ndiyo sababu inastahili kutiliwa shaka, kwa maana ufa wenyewe ulikuwa sehemu ya habari. Katika majuma yale Ali alitembea miongoni mwa watu na kuwafanya wawe wake, na Foreman alijifungia na mbwa wake, aina ileile iliyowakumbusha wenyeji polisi wa Kibelgiji. Lile pambano la nje ya ulingo halikuhitaji nyimbo za kuazima.

Jambo linaloudhi zaidi ni namna alivyotumiwa Miriam Makeba. Mwandishi George Plimpton anasimulia juu ya mganga aliyetabiri kuwa mwanamke wa kijini, mwenye mikono inayotetemeka, angemwingia Foreman na kumnyonya nguvu. Wakati anasimulia, picha inakatwa na kumwonyesha Makeba jukwaani, na baadaye anarudishwa tena kama kivuli cha uchawi huo. Makeba, aliyenyang'anywa pasipoti na serikali ya makaburu na kuzungumza mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1963, mwimbaji ambaye msikilizaji wa Kiswahili humjua kwa Malaika, anageuzwa jini kwa mkasi wa mhariri. Hakuulizwa lolote. Mtu aweza kusema kuwa ni mchezo wa kisanaa tu. Lakini ni mchezo uliochezewa msanii wa Kiafrika ilhali B. B. King na James Brown wameachwa wawe wao wenyewe.

Swali la nani anasema linafuata hapohapo. Sauti zinazotufafanulia Zaire ni za Norman Mailer na Plimpton, Wamarekani wawili waliokuja kuandika juu ya pambano. Wanaongezewa Spike Lee na Thomas Hauser. Sauti ya Kiafrika iliyopewa kiti cha mfasiri ni ya Malick Bowens, mwenye asili ya Mali, ambaye watazamaji wa Afrika Mashariki humkumbuka kama Farah katika Out of Africa ya mwaka 1985. Bowens asema vizuri, pengine kuliko wote. Hata hivyo, mwenyeji wa Kinshasa katika filamu hii kazi yake kubwa ni kuwa umati, na umati una maneno mawili: Ali, boma ye. Hayo ni Kilingala, amri ya kuua. Kwa sikio la Mswahili boma ni ua au ngome, na huenda wapo waliosikia kelele zile redioni kwa mara ya kwanza wakadhani Ali anaombewa ngome. Filamu imetafsiri tamko hilo na kulisambaza duniani kote. Haikuona haja ya tamko la pili.

Tena kuna fedha. Kila mpiganaji aliahidiwa dola milioni 5, na filamu inatuonyesha Don King akicheka na Mobutu akitazama kutoka kwenye mabango. Haituonyeshi shimo lilikotoka. Sehemu kubwa kabisa ya fedha za kigeni za Zaire ilitoka katika shaba ya jimbo lililoitwa Shaba kati ya 1971 na 1997, iliyochimbwa na Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière baada ya kutaifishwa mwanzoni mwa 1967. Bei ya shaba katika soko la London ilifikia kilele mwezi Aprili 1974. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeshuka chini ya nusu. Kwa hiyo pambano liliahidiwa shaba ikiwa ghali, likapigwa ikiwa imekwisha poromoka. Hakuna picha hata moja ya Kolwezi. Kengele ya kwanza ilipigwa Kinshasa mnamo saa kumi za usiku, ili Wamarekani watazame jioni yao. Huku ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, kwa kuwa nchi ina saa mbili tofauti, na mfanyakazi wa zamu ya asubuhi alikuwa ameshaamka.

Ukimya huo unaenea hadi kwenye mpira. Haiwezekani kuuelewa moyo wa watu waliompokea Ali bila kujua walikuwa wametoka wapi mwaka uleule. Tarehe 14 Machi 1974, mjini Cairo, Chui wa Zaire waliifunga Zambia 2-0 katika mchezo wa marudio na kuchukua Kombe la Mataifa ya Afrika, baada ya sare ya 2-2 siku mbili kabla. Mabao yote manne ya Zaire katika fainali hizo mbili yalifungwa na Ndaye Mulamba, aliyemaliza mashindano akiwa na mabao 9. Kisha ikaja Ujerumani Magharibi, mwezi Juni: 2-0 mbele ya Scotland, 9-0 mbele ya Yugoslavia, 3-0 mbele ya Brazil tarehe 22. Kutoka kombe hadi fedheha ni siku mia moja, yaani majuma 14 na siku mbili. Katika mchezo ule wa mwisho Mwepu Ilunga, beki wa klabu ya Lubumbashi ambayo leo ni TP Mazembe, alitoka mbio katika ukuta wa wachezaji na kuupiga mpira mbali kabla Wabrazili hawajapiga adhabu yao. Televisheni za Ulaya ziliigeuza picha hiyo kuwa kichekesho cha Mwafrika asiyejua sheria. Baadaye Mwepu alieleza kuwa sheria aliijua vyema, na kwamba alifanya kusudi kwa hasira ya wachezaji kutolipwa. Alifariki mwaka 2015, na picha ile ingali inachekwa.

Umati unaomwimbia Ali mwezi Oktoba ni watu waliochekwa mwezi Juni. Filamu inauonyesha wimbo wao kana kwamba umetoka msituni, bila jana. Mailer anajitahidi kueleza kwa falsafa jambo ambalo jedwali la matokeo ya mpira lingelieleza kwa mistari mitatu.

Itasemwa kuwa mtengenezaji filamu hawezi kubeba kila kitu, na hoja hiyo ina uzito, hasa ikikumbukwa kuwa Gast aliajiriwa awali kupiga picha za tamasha, na kwamba kanda zake zilikwama zaidi ya miaka 20 kwa ukosefu wa fedha na ugomvi wa haki. Lakini mwaka uleule wa 1996 kilitolewa kitabu cha Johannes Fabian kiitwacho Remembering the Present, chenye picha zipatazo mia moja za mchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Tshibumba alizichora picha hizo Lubumbashi mnamo 1973 na 1974, akamsimulia Fabian historia nzima ya nchi, picha moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili cha Katanga. Kwa hiyo katika mwaka ambao kamera za Gast zilikuwa Kinshasa zikirekodi nchi isiyosema, mtu mmoja wa huku alikuwa amekaa akiisema. Kazi zote mbili zilitoka gizani kwa pamoja. Moja ilipata Oscar. Nyingine inasomwa na wanaanthropolojia, nayo kwa Kiingereza.

Baadhi ya mapengo yamezibwa tangu hapo. Filamu ya Soul Power, iliyoongozwa na Jeffrey Levy-Hinte mwaka 2008, imeundwa kwa kanda ambazo When We Were Kings haikuzitumia. Mtu wa Kingamyambo hawezi kustaajabu, kwani amekwisha ona jinsi mabaki ya kiwanda cha Kolwezi, yaliyolimbikizwa kwa miongo kama taka, yanavyosafishwa upya na kutoa shaba na kobalti. Katika Soul Power Makeba ni Makeba. Mwaka 2017 Masekela na Levine walitoa albamu ya wasanii wa Kiafrika waliopanda jukwaa lile: Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley Rochereau, Abeti Masikini mzaliwa wa Kisangani, kundi la Stukas, na Makeba mwenyewe. Ilichukua miaka 43 kwa wenyeji wa tamasha kusikika katika tamasha lao, na Franco na Tabu Ley walikuwa wamekwisha kufa.

Kinachobaki hakimo katika kanda za mtu yeyote. Wapo katika makambi ya zamani ya Gécamines wazee waliokuwa vijana Oktoba 1974, wanaokumbuka walikuwa wapi alfajiri ile, redio ilikuwa ya nani, na posho ya juma lile ilikuwa na nini. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta mada ya tasnifu hana haja ya kwenda mbali. Ila ajue kuwa aliyekuwa na miaka 20 mwaka ule sasa amepita 70.