Sauti Nne Chini ya Njia ya Ndege

Mwalimu wa kwaya huingia mazoezini na karatasi moja mkononi. Juu yake hakuna mistari mitano wala zile nota nyeusi zenye mikia. Kuna herufi: d, r, m, f, s, l, t. Katikati ya herufi kuna nukta mbili mbili zinazotenga mapigo, na vistari vinavyoagiza sauti ivutwe. Pembeni ameandika ufunguo wa wimbo. Aliyekulia katika kwaya ya Kigoma, Bukoba, Machakos au Uvira anaona hapo wimbo mzima wa sauti nne, na anaweza kuuimba kabla hajausikia kwa mtu yeyote.

Nataka kuisifu kazi hii. Naamini ni mojawapo ya vitu vilivyotufikisha hapa Malton, Kanada, tukiwa bado watu wa matumaini, na wanaoifanya hawasifiwi ipasavyo. Mhubiri hukumbukwa kwa jina. Mwimbaji kiongozi hurekodiwa kwa simu. Mwalimu wa kwaya, wakati wote wa wimbo, amewapa waumini mgongo.

Herufi zake zina ukoo wa heshima. Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, ndiye aliyeweka msingi wa mfumo huu, akiwafundisha watoto kuimba. Katika miaka ya 1840 mchungaji John Curwen akauboresha na kuueneza, ili watoto wa shule za Jumapili na wafanyakazi wasio na fedha ya piano waweze kusoma muziki. Wamisionari wakaja nao Afrika. Mwaka 1897 mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, Enoch Sontonga, ambaye pia alifundisha kwaya, akatunga "Nkosi Sikelel' iAfrika" na kuiandika kwa herufi hizo hizo. Tuni yake ndiyo ya wimbo wa taifa wa Tanzania. Kila mtoto wa shule aliyesimama wima asubuhi akiiombea Afrika baraka ameimba kazi ya mwalimu wa kwaya, ajue asijue.

Malton iko pembe ya kaskazini-mashariki ya jiji la Mississauga, imepakana kabisa na uwanja wa ndege wa Pearson, ingawa ndugu wa nyumbani wakiuliza tunasema tu tuko Toronto. Uwanja huo ulipoanza mwishoni mwa miaka ya 1930 uliitwa kwa jina la Malton. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kiwanda cha hapa kiliunda ndege za kivita aina ya Lancaster. Baadaye kampuni ya Avro Canada ikaunda Arrow, ndege iliyokuwa fahari ya nchi. Ijumaa, tarehe 20 Februari 1959, serikali iliufuta mradi wa Arrow, na watu zaidi ya 14,000 wakakosa kazi. Mji huu unajua jinsi tangazo moja linavyoweza kuzima jiko la nyumba nyingi kwa siku moja.

Waimbaji wetu wanajua pia. Wengi hupanga mizigo katika maghala yanayouzunguka uwanja, wengine huhudumia wazee, wengine huendesha malori, na zamu hubadilishwa kwa ujumbe wa simu saa chache kabla. Mtu hufika mazoezini akitoka kazini usiku kucha, macho mekundu, bado amevaa viatu vya kazi vyenye chuma mbele. Mwenzake amesubiri makaratasi ya ukimbizi hata ameacha kuyataja. Mwingine amepata habari ya msiba Bukavu na hana njia ya kwenda kuzika.

Mwalimu huwapokea wote kwa amri moja: simameni, shusheni mabega, vuteni pumzi hadi tumboni. Hagusi wimbo mpaka pumzi zitulie. Kisha hubonyeza kinanda mara moja, akatoa do, na kukiacha. Huanza na besi. Kipande kifupi, tena, tena, mpaka mtu aweze kukiimba akiwa anamtazama usoni bila karatasi. Halafu sauti ya tatu. Halafu sauti ya pili, ambayo kwangu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu haina utamu wa kuishikilia. Sauti ya kwanza hupanda na kushuka na kila mtu huipenda. Ya pili hukaa kwenye nota mbili tatu, mstari baada ya mstari. Asiye imara huvutwa. Anaanza vizuri, na ikifika kiitikio utamkuta ameshahamia sauti ya kwanza bila kujua.

Ustadi mkubwa wa mwalimu ni kumsikia huyo mmoja aliyevutwa, katikati ya watu wanaoimba kwa nguvu, na kumrudisha bila kumwaibisha. Hasimamishi wimbo. Husogea, akasimama karibu naye, akamwimbia nota yake polepole hadi aishike tena. Hata jina lake hataji. Nimeona watu waliobaki kanisani kwa sababu ya kurudishwa namna hiyo.

Kwangu, imani ya kila siku huonekana hapo kuliko mahali pengine. Mwenye sauti ya pili hausikii wimbo wakati anajifunza. Anasikia sehemu yake, na sehemu yake peke yake haileti raha. Anaiimba kwa uaminifu kwa kuwa yuko mwenye ukurasa wote. Anaamini kwamba ile nota moja aliyopewa, isiyopanda hata afanyeje, ina mahali pake. Dada anayesubiri makaratasi anaijua nota hiyo. Baba anayepanga maboksi usiku ilhali nyumbani alikuwa mwalimu wa sekondari anaijua. Siku sauti nne zinapounganishwa kwa mara ya kwanza, wapo wanaocheka kwa mshangao wakiwa wanaimba, na wapo wanaolia. Mafundisho ya kumtegemea Mungu niliyoyasikia ni mengi, lakini sijasikia lililonishawishi kama hili.

Ndege nazo zina sehemu yake. Upepo ukielekea upande fulani, hutua zikipita chini mno juu ya Airport Road, moja ikifuata nyingine, na madirisha ya ukumbi hutetemeka. Mwalimu wetu hasubiri zipite. Hushusha kiganja, na kwaya huimba kwa sauti ndogo zaidi, kila mmoja akilazimika kumsikiliza aliye begani kwake. Ngurumo ikiisha, hubonyeza kinanda kupima: tuko kwenye ufunguo ule ule.

Iko furaha inayotokana na habari njema za wiki, na hiyo haihitaji mazoezi. Ile nyingine, inayosimama hata habari zikiwa mbaya, hufundishwa. Somo lake limo katika kitabu cha nabii Habakuki, sura ya tatu. Nabii anataja kila kinachoweza kukosekana katika nyumba ya mkulima: mtini, mizabibu, mizeituni, nafaka ya shambani, kondoo zizini, ng'ombe. Kisha anasema atamfurahia Bwana hata hivyo. Wengi husoma hapo na kufunga kitabu. Lakini maneno ya mwisho kabisa ni maagizo kwa kiongozi wa waimbaji, pamoja na vinanda. Ungamo zito kama lile lilikabidhiwa kwa mwalimu wa kwaya, akalifundishe kwa watu ambao pengine siku hiyo hawakuwa na hakika nalo. Nimekuwa mmoja wa watu hao. Nimeimba shukrani nikiwa sina shukrani, na katikati ya ubeti wa tatu nikaikuta.

Furaha iliyofundishwa vizuri husafiri mbali. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, akiwa mwanafunzi wa theolojia Makumira, karibu na Arusha, aliandika wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya" kwa tuni ya Kihaya. Howard Olson, mmisionari kutoka Marekani aliyefundisha hapo Makumira, akautia Kiingereza. Mwaka 1969 Ulrich Leupold akautia Kijerumani. Leupold huyo alikuwa ameikimbia Ujerumani ya Wanazi, na wakati huo alifundisha katika seminari ya Kilutheri mjini Waterloo, hapa hapa Ontario, mwendo wa saa moja na kitu kwa gari kutoka Malton. Leo Wajerumani huuimba Pasaka kutoka kitabu chao cha nyimbo, namba 116. Mkimbizi aliyepokewa Ontario aliipeleka furaha ya Wahaya katika nchi iliyomfukuza. Nikiutazama ukumbi wetu, naona si ajabu hata kidogo kwamba kazi hiyo ilifanyikia hapa.

Nikirudi kwenye kwaya zetu, sina ugomvi na vinanda vya kisasa, ila midundo iliyorekodiwa tayari huwaficha wasioijua sauti yao, na kwaya iliyojificha hivyo umeme ukizimika haina wimbo. Zaidi nahofia watoto wetu. Wao kwa wao huongea Kiingereza, na Kiswahili chao kingi kimetoka kwenye nyimbo. Wanaimba vizuri kwa kufuata sikio, lakini ni wachache wanaoweza kusoma ile karatasi. Zamani wadogo hawakuachwa nje: Mambo ya Nyakati ya Kwanza, sura ya 25, inataja waimbaji 288 waliofunzwa, na kura ya zamu ikapigwa kati yao bila kubagua mdogo na mkubwa, mwalimu na mwanafunzi.

Basi, ndugu wasomaji, kama usharika wenu una mwalimu wa kwaya, mchangieni nauli na mfungulieni ukumbi mapema. Na Jumamosi hii mpelekeeni watoto wawili watatu wenye sikio zuri, awafundishe kusoma do hadi do wangali wadogo.