Kumuuguza Asiyejibu

Kuugua ni kwa mgonjwa. Kuuguza, ukilitazama umbo la neno, ni kumfanya mtu augue. Hata hivyo ndilo neno tunalompa anayetunza. Kiswahili kinamweka mtunzaji ndani ya ugonjwa, na sijaona kitabu kinachokaa humo kwa ukaidi kama *Syngué sabour* ya Atiq Rahimi, Mwafghanistani aliyekimbilia Ufaransa, akaiandika kwa Kifaransa na kupata Tuzo ya Goncourt mwaka 2008.

Ni chumba kimoja katika mji wa vita. Mume ana risasi shingoni. Anapumua, macho wazi, fahamu hana. Mkewe, ambaye jina lake hatuambiwi, anamdondoshea maji ya sukari na chumvi, anamtia dawa ya macho, anavuta tasbihi. Siku zake hazina saa tena, zina mizunguko ya tasbihi na pumzi za mgonjwa. Ndugu wa mume, waliojivunia shujaa wao, wamekwisha hama. Ndipo anapoanza kusema. Jina la riwaya ni la jiwe la subira la hadithi za Kiajemi: unalimwagia siri zako mpaka lipasuke.

Siri zenyewe ni nzito, na baadhi yetu darasani tulimhukumu upesi: mke mwema hasemi hayo mbele ya mgonjwa. Mimi naomba tutazame mikono yake. Anamlaani, anakimbia, anarudi, anajaza tena chupa ya maji. Rahimi hatuambii kama huo ni upendo. Inawezekana ni mazoea tu. Alifungishwa ndoa bwana harusi akiwa vitani, pamewekwa jambia lake, akamngoja miaka mitatu akilala chumba kimoja na mama mkwe. Mume asiyekuwapo si jambo geni kwake. Tofauti ni kwamba safari hii mwili wake upo, na unahitaji kugeuzwa na kufutwa.

Ustadi mkubwa zaidi ni mahali anapotuweka msomaji. Masimulizi hayatoki chumbani. Mama akienda kuwaona mabinti zake, sisi tunabaki na mgonjwa, tukisikiliza hatua zake zikififia uani, kisha milio ya risasi, na hatujui kama atarudi. Tunamngoja kama anavyongojwa na yule aliyelala. Filamu ya mwaka 2012, aliyoiongoza Rahimi mwenyewe, inatoka naye barabarani, na Golshifteh Farahani anaigiza vizuri sana, lakini ukimfuata mitaani humsubiri tena.

Ninachogombana nacho ni mwisho (aliyekuwa hajasoma anisamehe). Mume anainuka na kumshambulia. Najua riwaya imeandikwa kwa kumbukumbu ya mshairi wa Kiafghanistani aliyeuawa na mumewe, na ghadhabu hiyo ina haki yake. Lakini mume akiinuka tu, tunapata mkatili wa kumchukia, na swali lililotubana kurasa zote linaponyoka: angeendelea kumdondoshea maji mpaka lini, mtu ambaye hatainuka kumpiga wala kumshukuru? Majumbani mwetu wagonjwa wa namna hiyo hawainuki. Mke anaamka alfajiri, anachemsha uji, anauchuja, anamgeuza mumewe ubavu wa pili. Ukurasa huo Rahimi alikuwa ameshauanza.