Usangu: Lawama Ianzie kwenye Banio

Waliofuatilia sakata la Mto Ruaha Mkuu tangu mto ulipoanza kukauka hifadhini mwaka 1993 wanazijua pande zote: wakulima wa mpunga wa Mbarali, wafugaji wa Ihefu, viboko wa hifadhi, mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Kila upande una hoja yake. Kosa kubwa, hata hivyo, lilimwagwa kwa zege.

Banio la asili la Usangu, kizuizi cha kuyaelekeza maji ya mto mferejini, lilikuwa magogo, mawe na majani. Lilivuja. Masika yalilizoa, wakulima wakalijenga upya, na maji yaliyopenya kwenye mawe yakamfikia jirani wa chini bila kibali wala kikao. Kuvuja kule ndiko kulikokuwa mgawo! Kisha ikaja miradi ya kuboresha skimu, ukiwemo wa Benki ya Dunia wa miaka ya 1990, na ukuta wa zege uliokatiza mto, ukiwa na lango la chuma ubavuni. Mkulima wa juu alishangilia, na haki yake: nani anapenda kubeba magogo kwenye tope kila mwaka? Lakini lango lenye ukubwa wa kutosha maji ya Machi, likiachwa wazi Oktoba, humeza mto mzima. Wa chini anabaki na mchanga.

Kibali cha kutumia maji nacho kikazidisha balaa, kwa kuwa kinahesabu lita kwa sekunde. Mto ukipungua, wa juu anachukua lita zake zote, upungufu wote unamwangukia wa mwisho. Wangegawana kwa mafungu, kila mmoja angepungukiwa kidogo.

Wapare walilimaliza tatizo hili la mgawo zamani. Ndiva za Makanya, yaani mabwawa yao madogo ya umwagiliaji, hujazwa usiku, hufunguliwa mchana, na zamu hujulikana.



Ila Usangu lawama zilielekezwa kwingine, na mwaka 2006 hausahauliki. Ng'ombe walifukuzwa Usangu kwa jina la kuuokoa mto, ilhali watafiti walikwishaonyesha kwamba maji ya kiangazi yanaishia zaidi kwenye mifereji. Ng'ombe hana lango la chuma. Waziri Mkuu Frederick Sumaye alikuwa ameahidi mwaka 2001 kwamba kufikia 2010 Ruaha Mkuu ungetiririka mwaka mzima. Mifugo iliondoka, 2010 ikapita, na kiangazi viboko waliendelea kusongamana kwenye madimbwi.