Futi Mbili za Upenu

Kenchi zikishasimama, fundi paa wa Dar es Salaam hufunga uzi kutoka kona moja ya nyumba hadi nyingine, akauvuta mpaka ukaze, kisha hupita na msumeno akikata mikia ya mbao iliyozidi. Kinachobaki nje ya ukuta ndicho upenu. Mwenye nyumba akiuliza uachwe kiasi gani, jibu huja papo hapo: futi mbili. Ndivyo fundi alivyokuta kwa aliyemfundisha kazi, na ndivyo bati na fisha bodi zinavyokatwa.

Mazoea hayo yana hesabu ndani yake. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri halikai upande mmoja mwaka mzima. Mwishoni mwa Desemba hupita kusini kidogo ya utosi, likiwa juu sana, takriban digrii 73 kutoka upeo wa macho. Mwishoni mwa Juni huwa limehamia kaskazini na kuteremka hadi digrii 60. Chukua dirisha ambalo ukingo wake wa chini uko mita 2 chini ya ukingo wa upenu. Likiwa limeelekea kusini, upenu wa sentimita 60 unatosha kulitia lote kivulini saa sita mchana ya Desemba. Futi mbili ni sentimita 61.

Upande wa kaskazini hesabu inabadilika. Jua la Juni linadai upenu wa mita 1 na sentimita 16, yaani karibu futi nne, ili dirisha lile lile lipate kivuli kamili. Nairobi, iliyo digrii 1 na ushei tu kusini mwa ikweta, tofauti hiyo karibu inapotea: sentimita 92 kaskazini, 81 kusini. Kwa hiyo nyumba ya Dar iliyozungushiwa futi mbili pande zote nne imehudumiwa vizuri upande mmoja tu. Fundi anayeijua kazi yake huanza kwa kuuliza kiwanja kimekaaje. Na pwani hii hahitaji dira kuijua kaskazini, maana Makka iko karibu kaskazini kabisa mwa Zanzibar na Dar es Salaam. Akioneshwa mwelekeo wa kibla, ameshajua ni ukuta gani unaohitaji upenu mrefu.

Futi nne, hata hivyo, si kazi ya mbao peke yake. Upepo hauusukumi upenu kutoka juu. Huingia chini yake na kuuinua, ukang'oa bati na misumari yake. Kimbunga cha Aprili 1872 kilichoangusha mikarafuu ya Unguja ni tukio la nadra, lakini hata upepo wa kawaida unaotangulia mvua kubwa hutosha kuondoka na bati lisilofungwa sawasawa. Ndiyo sababu kenchi hufungwa kwa waya au vipande vya nondo kwenye mkanda wa zege juu ya ukuta, na upenu unaporefuka hutafutiwa mkono wa mbao kutoka ukutani, au nguzo kutoka ardhini. Hapo nyumba imepata kitu kingine bila kukusudia, kwa sababu upenu wenye nguzo chini yake tayari ni kibaraza.

Historia ya nyumba ya Kiswahili imekaa hapo. Kariakoo ya zamani na Ng'ambo ya Zanzibar zilijaa nyumba za ukumbi mmoja katikati, vyumba kulia na kushoto, ua nyuma, na mbele baraza lililofunikwa na paa lile lile lililofunika vyumba. Chini ya upenu huo bao lilichezwa, kahawa ikanywewa, cherehani ikawekwa, watoto wakafundishwa juzuu. Mpita njia aliyekutwa na mvua alijibanza hapo bila kubisha hodi, na hakuna aliyemuuliza anatafuta nini. Kwa hati, ardhi ile ni ya mwenye nyumba. Kwa matumizi, ni ya mtaa.

Mvua nayo ina madai yake. Katika masika, kuanzia Machi hadi Mei, maji yanayoanguka kutoka kwenye ukingo wa paa huchimba mstari wa vishimo ardhini, kimoja chini ya kila bonde la bati. Kila tone linalopiga udongo hurusha matope pembeni. Anayetaka kujua kama upenu wa nyumba fulani ni mfupi asitazame juu. Atazame futi ya mwanzo ya ukuta kutoka chini. Ikiwa ina pindo jekundu la matope na rangi inabanduka, jibu limeshaandikwa. Nyumba ya miti na udongo wa kukandika haikuweza kustahimili uzembe huo: maji yakiufikia mguu wa ukuta, udongo humong'onyoka, fito huoza na mchwa hupanda. Basi wajenzi waliuteremsha upenu wake chini sana, kiasi kwamba mtu mrefu alilazimika kuinama akipita, na hakuna aliyelalamika.

Paa la makuti ndilo lililoufundisha mwambao kazi hii. Majani ya mnazi hukunjwa juu ya kijiti na kushonwa, likapatikana kuti moja la kuezekea. Mwezekaji huanzia chini kabisa, penye upenu, akifunga safu ya kwanza kwenye fito, halafu hupanda safu kwa safu, kila moja ikilalia ya chini yake, hadi kileleni. Kipimo cha ufundi kiko kwenye mteremko. Makuti hayazuii maji kwa ugumu wake, huyateremsha kabla hayajapenya, kwa hiyo paa lazima liwe kali, karibu digrii 45. Likilazwa, linavuja na kuoza mapema. Paa kali likivushwa nje ya ukuta hushuka haraka, ndiyo maana penu za makuti ni za chini na zenye kivuli kizito. Kasoro yake kubwa ni moto, ambao huruka kutoka paa hadi paa mitaa ikibanana.

Lamu walikuja na jawabu lao. Nyumba za mawe za mji ule zina sakafu na paa bapa za chokaa zilizobebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Paa bapa la chokaa hupigwa jua kutwa nzima. Juu yake wenyeji wakasimamisha nguzo na kuezeka makuti, pande zikaachwa wazi ili upepo wa bahari upite kati ya paa mbili. Jiko la ghorofani, kidari cha meko, nalo lilikaa huko juu, moshi na joto vikiondoka bila kuingia vyumbani. Wageni wanaolipia kulala Shela, jirani na mji huo, leo hupenda kuketi chini ya makuti hayo jioni, na wengi hudhani yamewekwa kwa ajili ya mandhari.

Lakini upenu, hata ukirefushwa vipi, hushindwa mara mbili kwa siku. Saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi na nusu jioni jua huwa digrii 30 hivi tu juu ya upeo wa macho, nalo huupiga ukuta wa mashariki au wa magharibi karibu uso kwa uso. Kulitia dirisha lile lile la mita 2 kivulini wakati huo, upenu ungehitaji mita 3 na nusu. Hakuna anayeezeka namna hiyo. Jua la chini huzuiwa kwa kitu kinachosimama.

Zanzibar walisimamisha mbao. Zahanati ya Ithnashiri iliyo mbele ya bahari, ambayo mfanyabiashara Tharia Topan aliianzisha mwaka 1887 na ikakamilika 1894, ina roshani za ghorofa zilizotobolewa nakshi kama darizi, na imepona hadi leo baada ya kukarabatiwa na taasisi ya Aga Khan katika miaka ya 1990. Watalii hupiga picha nakshi. Kazi yake ya kila siku iko kwenye matundu: mwanga mkali hukatwa vipande vidogo kabla haujagusa ukuta, upepo unapita, na aliye ndani, penye giza kidogo, anaona barabara bila yeye kuonekana. Jirani yake Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, lilizungushiwa varanda pana juu ya nguzo za chuma, hata kuta zake zenyewe zikawa hazioni jua moja kwa moja. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka Desemba 2020, na pamoja nayo kipande cha somo hilo.

Asiye na mali ya sultani ana kichanja. Kinachotakiwa ni fremu ya fito zilizopishana, kila jicho kama sentimita 20, iliyosimama mbele ya ukuta ili mimea itambae. Pwani hutumika fito za mikoko, bara hutumika mianzi, na mafundi wa kuchomelea hutengeneza za bomba la chuma. Makosa ya kichanja huwa madogo na ya kudumu. La kwanza ni kukigandisha ukutani. Majani yakiugusa ukuta, unyevu hubaki hapo, rangi huvimba, siafu hupata ngazi ya kuingilia ndani. Kiganja na nusu cha nafasi kinatosha kuruhusu hewa ipande nyuma ya majani. Fundi mwangalifu hukining'iniza kwa kulabu juu na kukifunga kwa bawaba chini, ili siku ya kupaka rangi kilazwe pamoja na mmea wake, kisha kiinuliwe tena. Miguu huwekwa juu ya zege badala ya kuzikwa, na ncha za chini hupakwa oili chafu ya gari, dawa ya mchwa inayojulikana na kila gereji.

Kinachofuata ni kuchagua mmea, na hapo tabia hutofautiana kama za wapangaji. Bogonvila ni nzuri na ina nguvu, lakini haina chochote cha kushikia. Hulala tu na miiba yake, hivyo hufungwa kwa kamba ya katani kila inaporefuka, na uzito wake huvunja fito. Pasheni hurusha vikono vinavyojisokota vyenyewe kwenye waya, tena hulipa kodi kwa matunda. Asmini hufaa karibu na dirisha la chumba cha kulala kwa sababu maua yake hufunguka jua likizama. Dodoma, mzabibu hutandazwa juu ya ua na kuleta kivuli pamoja na mavuno mawili kwa mwaka. Kweme ya Kilimanjaro na Usambara, inayowafaa wazazi waliojifungua, isikaribishwe kwenye kichanja cha nyumba ya mjini: hupanda miti mirefu hadi mita 30. Mimea yote hii ina faida moja ambayo mbao hazina, maana majani hutoa mvuke, na mvuke hupoza hewa inayoingia dirishani.

Siku hizi mitaa mipya ya Dar na Dodoma imependa nyumba za paa lililofichwa. Ukuta hupandishwa kuzunguka paa, bati likalazwa ndani kwa mteremko mdogo, na nyumba ikaonekana boksi safi, ya kisasa. Upenu umeondolewa kabisa. Masika ya kwanza yakipita, kuta huanza kuchora mistari myeusi kutoka juu, na jani moja la mwembe likiziba mlizamu, maji hugeuka na kuingia kwenye siling bodi. Jua nalo huingia bila kizuizi. Pazia zito halisaidii sana, kwa kuwa joto limeshavuka kioo kabla halijalikuta pazia. Kilichobaki ni kiyoyozi na bili ya umeme.

Nyumba hizo hazihitaji kubomolewa. Kila dirisha linaweza kupewa kofia ya zege, na ubora wake hujulikana kwa kupapasa upande wa chini. Fundi makini, kabla ya kumwaga zege, hupigilia kamba au ufito mwembamba kwenye mbao za fomu, sentimita chache kutoka ukingoni. Mbao zikitolewa hubaki kijifereji. Maji yanayojaribu kutambaa kwa chini kurudi ukutani hufika hapo na kudondoka. Bila kijifereji hicho, kofia huipeleka mvua mpaka dirishani. Msanifu majengo Beda Amuli alilifanya jambo hilo la maji kwa ukubwa wa mji: paa la Soko la Kariakoo, lililofunguliwa 1975, ni miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa, inayotia wachuuzi kivulini huku ikiyakusanya maji ya mvua na kuyateremsha ndani ya nguzo zake.

Kwa ukuta wa magharibi, ule unaochemsha sebule kila jioni ya kaskazi, njia ya bei nafuu ni dodoki. Mbegu huatikwa vuli inapoanza Oktoba, chini ya kichanja cha fito na waya. Kufikia joto la Januari majani mapana huwa yamefunika ukuta, na maua ya manjano yanavuta nyuki. Mwezi wa pili matunda huanza kukauka yakining'inia. Huangushwa, huchunwa ganda, hukung'utwa mbegu za kupanda mwaka unaofuata, na yaliyobaki hupelekwa bafuni kusugulia miili.