Nani Mwenye Sauti? Uhakiki wa Filamu ya Interstella 5555

Mwalimu wetu mmoja alituuliza swali lililozua zogo darasani: je, hadithi ambayo wahusika wake hawasemi neno inaweza kuhakikiwa kama fasihi? Wengi tulidakia kuwa haiwezekani. Fasihi ni sanaa ya lugha, kwisha. Jioni ile tukajibana wanne bwenini mbele ya kompyuta moja kutazama Interstella 5555. Mimi nilikwenda kushinda ubishi. Nikatoka na ubishi mwingine kabisa.

Filamu hii ya katuni ilitoka mwaka 2003. Ilitengenezwa Japani na Toei Animation, ikaongozwa na Kazuhisa Takenouchi chini ya usimamizi wa Leiji Matsumoto, mchoraji mashuhuri aliyefariki 2023. Hadithi ilibuniwa na wanamuziki wawili wa Ufaransa, Daft Punk, pamoja na Cédric Hervet. Mazungumzo hakuna. Kinachosikika ni albamu yao ya muziki wa kielektroniki, Discovery ya mwaka 2001, nyimbo 14 mfululizo.

Kisa ni hiki. Wanamuziki wanne wenye ngozi ya buluu wanatekwa kutoka sayari yao wakiwa jukwaani. Tajiri mmoja, Darkwood, anawafuta kumbukumbu, anawageuza rangi wafanane na binadamu, kisha anawauza duniani kwa jina la Crescendolls. Wanapata umaarufu na santuri ya dhahabu huku hawajui hata wao ni nani. Rubani Shep, anayempenda Stella mpiga besi, anawafuata kuwakomboa na kufa kwa ajili hiyo.

Kifani, filamu imefaulu sana. Albamu ilitangulia, kwa hiyo picha zililazimika kuufasiri muziki. Chukua wimbo wa “Harder, Better, Faster, Stronger”. Ukiusikia redioni ni wimbo wa disko wa kusifu kazi. Katika filamu unapigwa wakati mashine zinawapaka rangi na kuwavalisha mateka waliolala kama mizigo kiwandani. Sauti iliyokuwa ikituchezesha inageuka kuwa sauti ya mnyapara! Maneno ni yale yale, kilichobadilika ni muktadha. Hapo nikanyoosha mikono. Na kwa nini nishangae? Sisi tuliokulia Ugogo tunajua muheme: akina mama wakibana ngoma mapajani na kuanza kupiga, aliye mbali anajua kuna shughuli gani kabla hajasikia neno.

Kimaudhui, dhamira kuu ni unyonyaji wa msanii. Lakini hapa mtunzi ameteleza. Kumbe Darkwood anakusanya santuri za dhahabu 5,555 ili atawale ulimwengu! Mfumo mzima wa biashara ya muziki unageuzwa kuwa uchawi wa mtu mmoja. Akishindwa yeye, basi, mambo yamekwisha. Msomaji, tangu lini unyonyaji ukaisha kwa kumshinda tajiri mmoja? Naye Stella amebaki mrembo wa kuokolewa tu.

Kuna jambo zito zaidi, nalo limo ndani ya muziki wenyewe. Discovery imejengwa kwa vipande vilivyochotwa katika santuri za zamani. Vijana wetu wanasema “kusampo”. Maelezo ya albamu yanawataja wenye baadhi ya vipande hivyo, akiwemo Edwin Birdsong na George Duke. Lakini “One More Time”, ule unaofungua filamu, unahusishwa na wimbo wa mwaka 1979 wa Eddie Johns, mzaliwa wa Liberia. Yeye hakutajwa. Mwaka 2021 gazeti la Los Angeles Times lilieleza kwamba Johns, aliyekuwa ameishi maisha ya dhiki Los Angeles, hakuwa amepata fedha za wimbo ule. Upande wa Daft Punk ulisema malipo yamekuwa yakienda kwa mwenye haki za wimbo. Sheria basi ilifuatwa, na mwenye sauti hakuwa amefikiwa. Itazame tena sherehe ile ya sayari ya buluu: filamu inamlilia msanii aliyeporwa jina, juu ya mdundo wa Mwafrika asiyetajwa.

Wenzangu bwenini walisema nazidisha, eti kuchota ndiyo sanaa ya muziki huo. Sikatai kuchota. Mwaka 2002 Hukwe Zawose, Mgogo wetu, alitoa albamu ya Assembly pamoja na Michael Brook wa Kanada. Ilimba na zeze vikakutana na mitambo ya kisasa, na majina yote mawili yakakaa juu ya jalada. Kumbe inawezekana.

Naipongeza filamu hii. Imenifanya nimrudie mwalimu na kukiri kuwa nilikosea. Katika hadithi, kumbukumbu za wanamuziki zimehifadhiwa kwenye sahani, na wakizipata wanajitambua. Sauti za Wagogo nazo zilirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1950, ziko kwenye sahani. Siku prodyuza wa Dar es Salaam au Paris atakapozisampo, nani atauliza walioimba walikuwa akina nani? Tuanze sisi, wazee wangali hai wa kutuambia.