Tundu Kwanza, Mpini Baadaye

Fundi wa Keko aliyenitengenezea bisibisi hii ya mpini wa mninga hakuanza na msumeno. Alianza na mkono wangu. Aliniambia nikunje vidole kama nimeshika kitu, akapitisha uzi kiganjani, akapiga fundo pale vidole vilipokutana na kidole gumba, kisha akauning'iniza uzi ule kwenye msumari ukutani. "Mkono wako mdogo, mwanangu," alisema. "Hizi za dukani zinakuchosha bure."

Nilimwendea kwa sababu nyumbani kwangu hakuna skrubu mbili zinazopatana. Vitasa vya mlango ni vya zamani, vinataka bisibisi bapa. Feni inataka nyota, na kifuniko cha mashine ya kusagia kinataka kitu kingine kabisa. Ugomvi huu una historia. Mwaka 1908 P. L. Robertson wa Kanada alibuni skrubu ya tundu la mraba. Mwaka 1936 Henry Phillips wa Marekani akapata hataza za ile tuiitayo nyota, na mwaka 1967 ikaja Torx yenye ncha sita. Vichwa vikaongezeka, na bisibisi zikajaa droo. Kilicholeta amani ni biti, zile ncha za kubadilisha, kwa kuwa nyingi zimekubaliana upande wa shina: pembesita ya robo inchi, yaani milimita 6.35. Ukiwa na tundu moja lililonyooka, bisibisi karibu zote unazo.

Tundu hilo ndilo kazi yenyewe. Mbao pekee haiwezi kushika pembesita ya chuma. Ukikaza kwa nguvu mara chache tu, kona za biti huila mbao na tundu linakuwa duara. Kwa hiyo fundi alitafuta kipande cha bomba la chuma ambalo uwazi wake ulizidi kidogo milimita saba na nusu, akakipeleka kwa mhunzi jirani. Huko nilisimama pembeni ya mkaa kwa muda mrefu, na sikujutia hata dakika moja. Bomba lilipoiva na kuwa jekundu, mhunzi alichomeka ndani yake kipande cha nondo ya pembesita ya robo inchi, akaanza kugonga. Hakugonga kwa hasira. Aligonga ubavu mmoja, akageuza, akagonga ubavu wa pili yake, akageuza tena, na wekundu ulipofifia alirudisha motoni. Nondo ilibidi itolewe mapema, maana bomba likipoa juu yake linaing'ang'ania. Mara nne alijaribu biti, mara nne akatikisa kichwa. Mara ya tano biti iliingia kwa kusukumwa na kidole gumba na haikucheza.

Faida nyingine ya nyundo ile niliiona baadaye. Bomba lilikuwa limepata mbavu sita kwa nje pia. Likigandishwa ndani ya mbao kwa gundi ya mirija miwili, halina namna ya kuzunguka peke yake.

Mbao ilikuwa kipande cha mninga kilichobaki kwenye mguu wa kitanda, kimekaa darini mwa karakana hadi kikakauka sawasawa. Nilikuwa nimeuliza habari za mpingo, kwa uzuri wake. Mpingo ni mzito mpaka unazama majini, na ni mti wa kuchongea vinyago na zumari za Ulaya. Lakini fundi alishikilia mninga, nami sasa nakubali kwamba alikuwa sahihi. Mninga hautikiswi sana na masika wala kiangazi, na katika mpini uliobana chuma huo ndio uaminifu unaotakiwa. Aliuchagua ule ambao nyuzi zake zilikwenda moja kwa moja, kutoka kichwa hadi shingo. Nyuzi zikikata upande, mpini utapasuka pale pale.

Nilitegemea atakereza umbo kwanza, kisha atoboe. Akafanya kinyume. Alitoboa mbao ingali na kona zake nne, halafu akaifunga kwenye mashine ya kukereza kwa kuishika kupitia tundu lile. Kwa njia hiyo, hata kama keekee imekwenda upande kidogo, umbo lote la nje linazaliwa likilizunguka tundu, na ncha ya biti haiyumbi. Sijaona hekima ndogo iliyonifurahisha kuliko hiyo.

Kisha maranda yakaanza kuruka, mekundu na marefu. Alifanya tumbo nene la kujaza kiganja, kwa sababu unene ndio unaokaza: mpini wenye kipenyo mara mbili hutoa nguvu ya kuzungusha mara mbili kwa mkamato wenye nguvu ileile. Shingo aliifanya nyembamba, ili skrubu ikilegea uizungushe kwa ncha za vidole. Kila baada ya muda alizima mashine na kurudi kwenye uzi wangu ukutani. Mwishoni alichukua tupa ya mbao, akatoa bapa sita ndogo tumboni, bisibisi isiteleze mkononi wala isibingirike mezani.

Pete ya shaba ya shingoni aliipasha moto ndipo akaivisha, ikapoa na kubana. Sumaku ya kushikilia biti, ndogo kama punje ya dengu, aliitoa kwenye spika ya simu mbovu na kuiweka baada ya pete kupoa. Sumaku za aina hiyo hupoteza nguvu zikipata joto. Akapiga msasa, akapangusa kwa maji nywele za mbao zisimame, akapiga msasa tena, kisha mafuta ya kitani na nta ya nyuki. Vanishi aliikataa: inateleza, na kiganja kinatoa malengelenge.

Nikuonye jambo moja, msomaji: bisibisi ya namna hii usiipeleke kwenye umeme. Mpini wa mbao wenye chuma ndani hauna kinga ya kuaminika.

Ni mwaka wa tatu sasa. Biti za nyota nimeshabadilisha nne, na ile bapa nimeinoa mara mbili kwa tupa. Mpini ni uleule, na haujalegea.